Hesabu Mikono Kabla ya Kuhesabu Pikseli

Kuna swali linalonichosha kuliko yote katika kazi hii ya video, na huulizwa kwa adabu kubwa, kana kwamba muulizaji amekuja kutafuta fatwa: "Kaka, ninunue kamera gani?" Hujafungua kinywa, ameshajijibu mwenyewe. Anakutajia Sony FX3, anakutajia Canon R5 C, anakutajia Blackmagic, na kama ana mjomba Dubai, basi RED nayo imo. Pikseli anazijua kwa hesabu. Fremu kwa sekunde anazijua. Ipi ina 8K na ipi haina, hilo halimpiti. Sasa mgeuzie kibao: utashuti nini, mko wangapi, nani atashughulikia sauti? Hapo ndipo anapoanza kubabaika.

Leo nawajibu wote kwa mkupuo mmoja, na wa kukasirika akasirike. Kabla ya kuhesabu pikseli, hesabu mikono. Kama mikono iliyopo kazini ni miwili tu, yaani yako, kamera ya sinema si yako hata ukipewa bure. Kama mikono ni kumi, keti tuzungumze.

Kamera ya sinema haikuundwa ili ibebwe na mtu mmoja anayekimbia. Imeundwa kwa ajili ya kundi: mpiga picha anayetazama fremu, msaidizi ambaye kazi yake pekee ni kuvuta fokasi, mwingine wa kadi na betri, mtu wa sauti na fimbo yake, mtu wa taa na nyaya zake. Waliounda mashine hizi walijua kwamba kila kitu ambacho kamera haikifanyi, kuna binadamu anayelipwa kukifanya. Chukua Blackmagic Pocket Cinema Camera 4K, iliyotangazwa mwaka 2018 kwa dola 1,295. Naipenda kamera hii na sioni haya kusema. Inarekodi ProRes na RAW ndani kwa ndani, na kwenye boksi lake unakuta leseni ya DaVinci Resolve Studio. Kwa bei ile, kampuni kubwa zilipaswa kuona aibu. Lakini haina fokasi inayomfuata mtu anayetembea, haina kitulizaji cha mtikisiko ndani ya mwili wake, skrini yake haigeuki, na betri yake moja inazimika saa nzima haijatimia. Wape watu watano wanaoshuti filamu fupi yenye skripti, taa zimepangwa, mwigizaji anasimama pale alipowekewa alama: utalia kwa uzuri wa picha. Mpe kijana mmoja ukumbini Sinza, bibi harusi anaingia akicheza, MC anapayuka, mashangazi wanne wamesimama mbele ya lenzi na simu zao juu: utalia vilevile, ila si kwa uzuri.

Kamera zisizo na kioo, zile ambazo zimekiondoa kile kioo cha ndani kilichokuwa kikiruka kila ulipobonyeza, zilikuja na akili nyingine kabisa. Zinaitafuta sura, zinalishika jicho, zinafuata. Zinatuliza mkono unaotetemeka baada ya saa ya nne ya kusimama. Betri moja inamaliza sendofu nzima ukiwa na nidhamu ya kuzima. Asubuhi unapiga nazo picha za mnato, usiku unarekodi nazo ngoma. Ni kamera ya mtu aliye peke yake, na hapa kwetu, tuambiane ukweli, karibu sote tuko peke yetu. Kijana mmoja ndiye anayeshuti, anayenasa sauti, anayeendesha bodaboda kwenda kufuata betri aliyoisahau, anayehariri, na ndiye anayepigiwa simu saa tano usiku kuulizwa flashi iko wapi. Mtu huyo anataka mashine inayompunguzia kazi. Tunamuuzia mashine inayomwongezea, halafu tunaiita "professional".

Ubishi huu wa aina gani ni kamera ya kweli na aina gani ni ya kuchezea ulipaswa kufa mwaka 2008, Canon ilipotoa 5D Mark II. Ile ilikuwa kamera ya picha za mnato iliyopachikwa video kama nyongeza. Mwanzoni ilirekodi fremu 30 kwa sekunde tu, ikabidi watu wasubiri hadi 2010 kupata 24 na 25 kwa programu mpya. Klipu moja haikuzidi dakika 12 hivi. Mwaka huohuo wa 2010 tamthilia ya Marekani ya House ikashuti kipindi chake cha kufungia msimu kwa kamera hiyo. Watazamaji hawakuandamana. Nasi hapa, kizazi kizima cha kameramani wa harusi kikaota meno juu ya Canon za namna hiyo, bila kumwomba mtu yeyote ruhusa ya kuita kazi yake sinema.

Lakini biashara haiachi lebo ife. Tazama jambo hili. Mwaka 2020 Sony ilitoa A7S III kwa dola 3,499. Mwaka uliofuata ikatoa FX3 kwa dola 3,899, karibu shilingi milioni 9 za Tanzania kwa thamani ya wakati ule. Sensa ni ileile ya megapikseli 12. FX3 ikaongezewa feni, matundu ya skrubu mwilini, taa za kuonyesha kwamba inarekodi, na mpini wenye matundu mawili ya XLR. Ikapunguziwa kile kitundu cha kuchungulia. Ni mabadiliko ya maana, sikatai. Feni peke yake inastahili tofauti ile ya bei, na nitalirudia jambo la joto. Ila mtaani FX3 inatajwa kana kwamba imeshuka na wahyi, na A7S III kama mdogo wake aliyefeli mtihani. Zikitolewa klipu mbili, moja ya kila kamera, zenye mwanga uleule na lenzi ileile, wabishi hao wangebaki wanakuna vichwa.

Hapo ndipo wanaponitupia rungu lao la mwisho: "Netflix wameikubali FX3, A7S III hawajaikubali." Kweli, iko orodha hiyo. Ila isome, usiisikie tu kijiweni. Orodha ile ni ya kazi ambazo Netflix inazitengeneza kwa jina lake, na hata huko, kwa tamthilia na filamu za kuigiza, inataka asilimia 90 ya picha zitoke kwenye kamera zilizokubaliwa. Hiyo kumi iliyobaki ina nafasi yake. Filamu iliyokwisha kutengenezwa, wao wakaja kununua haki ya kuionyesha, haipimwi kwa orodha hiyo. Sasa niambie, ndugu yangu wa Mbagala, Netflix ilikuagiza lini? Nimewaona maprodyuza wakubwa kwa umri wakimfukuza kijana mwenye jicho la ajabu kwa sababu kamera yake haimo kwenye orodha ya kampuni ambayo hata wao wenyewe haijawahi kuwajibu barua pepe. Hiyo si kulinda viwango. Ni mtu kujificha nyuma ya karatasi ya wengine ili asilazimike kutazama kazi iliyo mbele yake.

Kisha kuna hadithi ya The Creator, filamu ya Gareth Edwards ya mwaka 2023. Kila muuza kamera anaijua nusu yake. "Filamu ile kubwa ya Hollywood imeshutiwa kwa FX3!" Imeshutiwa, ndiyo. Malizia sentensi basi. Bajeti yake ilitajwa kuwa dola milioni 80. Waliosimamia picha ni Greig Fraser na Oren Soffer, na Fraser ni huyo huyo aliyechukua Oscar kwa Dune. Kamera ile ndogo ilifungwa lenzi ya zamani ya anamofiki ya Kowa na kinasa cha nje cha Atomos, kisha picha zikapelekwa Industrial Light & Magic zikajengewe dunia nyingine juu yake. Kamera ya dola elfu nne ilichaguliwa kwa sababu ni nyepesi na inaona gizani, ili kundi dogo liweze kuzunguka nchi za watu bila msafara wa malori. Yaani walianza na kazi, wakahesabu watu, wakamalizia na kamera. Wewe umeanza na kamera, na kazi huijui.

Mwaka 2024 Nikon ilimaliza kuinunua RED, kampuni iliyokuwa ikilinda hataza zake za RAW iliyobanwa kwa meno na kucha, na ambayo ilikuwa imeishtaki Nikon yenyewe miaka miwili tu kabla. Mwaka 2025 ikatoka Nikon ZR: kamera isiyo na kioo, fokasi ya kufuata sura, kitulizaji ndani, faili za familia ya R3D ya RED, bei dola 2,200 hivi. Ukuta uliokuwa ukitenganisha koo hizi mbili umebomolewa na wenye ukuta wenyewe. Na bado nasikia watu wanagombania upande gani wa ukuta ni mtukufu.

Sasa joto. Canon R5 ilipotoka mwaka 2020 ilitamba na 8K, kisha ikajulikana kwamba kwa 8K RAW inarekodi dakika 20 hivi kabla ya kuchemka na kuomba mapumziko. Kelele zilipigwa dunia nzima. Jambo ambalo sikusikia likipigiwa kelele hapa kwetu ni hili: muda ule wa dakika 20 Canon iliutoa kwa mazingira ya nyuzijoto 23. Ishirini na tatu! Hiyo ni Lushoto asubuhi. Njoo Dar es Salaam mwezi wa pili, au Mombasa, au Bujumbura kiwanjani saa nane mchana, kamera nyeusi juu ya stendi, jua limeikalia mgongoni. Vipimo vile viliandikwa kwa ajili ya chumba chenye kiyoyozi, na sisi tunavinunua tukavitumie kwenye turubai la msiba na uwanja wa mpira. Ndiyo maana nasema feni ni ya kuulizia kabla ya pikseli. Panasonic S5 II ya mwaka 2023 ina feni, inarekodi bila kikomo, ilianza kwa dola 1,999. GH5 ya mwaka 2017, ambayo leo unaipata mkononi kwa bei ya kistaarabu, inarekodi mpaka kadi ijae, tena kwa biti 10. Fokasi yake ya kufuata mtu ni ya kusikitisha, lakini iweke kwenye stendi mbele ya jukwaa na itakutumikia bila kulalamika.

Na nikigusa kikomo cha muda, vumilia kidogo nikupe kisa ambacho wengi wanakichukulia kama ubovu wa mashine. Ile kamera uliyonunua mkononi inayojizima dakika ya 29 na sekunde 59 haijaharibika. Kwa sheria za forodha za Umoja wa Ulaya, kamera iliyoweza kurekodi video nzuri mfululizo kwa dakika 30 au zaidi ilihesabiwa kuwa kamera ya video, na ushuru wake ulikuwa wa juu. Watengenezaji wakakata sekunde moja wakaokoa ushuru. Hivyo padri wa Kigoma anakatwa katikati ya mahubiri kwa sababu ya hesabu iliyofanyika Brussels. Kamera nyingi mpya zimeachana na mchezo huo. Za zamani, zilizojaa madukani kwetu, bado zinao. Kwa anayeshuti makongamano na ibada, hilo ni jambo kubwa kuliko 8K mara mia.

Nakiri, na hii ni heshima si kushindwa, kwamba kamera za sinema zina hoja moja ambayo kamera ndogo hazijaijibu vizuri: jua letu. Fanya hesabu pamoja nami. Kanuni ya wapiga picha wa zamani inasema mchana wa jua kali, ISO 100, shata 1/100, tundu la lenzi f/16. Sasa weka FX3 kwenye logi: ISO yake ya msingi ni 800, tayari stopu tatu juu. Shata yako kwa fremu 25 ni 1/50, stopu nyingine. Jumla nne, kwa hiyo ili picha isiungue unahitaji f/64, tundu ambalo lenzi yako haina. Wewe unataka f/2.8 ili nyuma pafifie. Kutoka f/64 mpaka f/2.8 ni stopu tisa. Kile kichujio cheusi cha kuzungusha ulichonunua, kinachopunguza stopu mbili hadi tano, hakikufikishi; na ukikikaza mpaka mwisho kinachora msalaba mweusi angani. Kwa hiyo kameramani anafanya jambo rahisi: anapandisha shata. Hata akibana lenzi mpaka f/8, shata inapaa hadi 1/3200, na wacheza ngoma wanakatikakatika mikono kama sinema ya mwaka 1915. Kisha anaziita video zake "cinematic".

Canon C70, Sony FX6, Blackmagic Pocket 6K Pro, hizi zina vichujio hivyo vyeusi (ND) ndani ya mwili, unabonyeza tu. Hapo lebo ya sinema imelipwa kwa kitu halisi. Lakini kabla hujauza kiwanja, nunua kichujio kizuri cha stopu sita kisichozunguka, kingine cha stopu tatu, na acha kuogopa f/5.6. Watazamaji wako hawajawahi kufa kwa kuona mnazi ulio nyuma ya bwana harusi. (Na umeme wetu ni wa hezi 50. Shuti fremu 25, shata 1/50. Ukifuata masomo ya Wamarekani na 1/60 yao, taa za ukumbi zitakuchorea michirizi picha nzima, halafu utasema kamera ni feki.)

Rangi ya ngozi nayo haizungumzwi inavyostahili. Kwa miongo kadhaa maabara za filamu zilisawazisha rangi kwa kadi zenye picha ya mwanamke mzungu, zilizokuja kuitwa kadi za Shirley, na Kodak ilianza kutilia maanani rangi za giza baada ya malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na samani. Mbao zilisikilizwa kabla ya watu. Leo sensa zina uwezo, ila bado kamera ikiachwa ijiamulie mwanga inafanya ujinga wake: ikiona shela jeupe inaogopa, inapunguza mwanga, na bibi harusi anageuka kivuli chenye meno, ikiona suti nyeusi inapandisha, na shela linakuwa karatasi. Harusi ya Kiswahili ndiyo mtihani mgumu kuliko yote ambao kamera inaweza kupewa: shela jeupe, ngozi nyeusi, suti nyeusi, jua la saa sita, vyote ndani ya fremu moja. Hapo 8K haikusaidii hata chembe. Kinachokusaidia ni upana wa mwanga ambao sensa inaubeba, na biti.

Biti 8 ni ngazi 256 kwa kila rangi. Biti 10 ni ngazi 1,024. Ukishuti logi, ambayo inabana mwanga wote wa dunia katika ngazi hizo ili uutanue baadaye, biti 8 zinakuwa chache mno. Anga la buluu linatoka na mistari, na shavu la mtu linatoka na mabaka. Sony A7 III ya mwaka 2018, ambayo imejaa mikononi mwa watu, ni ya biti 8 kwa video. Ina menyu ya S-Log3, na vijana wanaiwasha kwa sababu ipo. Izimeni. Shutini kwa rangi ya kawaida, pimeni mwanga usoni kwa mtu, na kamera ile itawapa picha nzuri kuliko logi iliyopakwa rangi na mtu asiyejua. Mwenye kiu ya logi atafute A7 IV, au ile GH5 niliyoitaja, au chochote kinachosema biti 10 ndani ya kamera, si kwa waya wa nje.

Hifadhi nitaipitia haraka maana hesabu inajisema. ProRes 422 HQ kwa 4K, fremu 25, inakula takriban GB 332 kwa saa. Kodeki ya H.265 ya megabiti 100 kwa sekunde inakula 45. Sherehe ya saa tano: terabaiti moja na nusu na zaidi upande mmoja, GB 225 upande wa pili. Zidisha kwa mbili, maana asiyeweka nakala ya pili ya harusi ya watu ana moyo wa chuma au hana akili. Na H.265 ya biti 10 yenye rangi za 4:2:2 inaitesa laptopi ya zamani mpaka inalia kama jenereta. Tengeneza nakala nyepesi za kuhariria, hariri hizo, mwishoni rudisha faili kubwa. Mteja atazitazama kwenye simu, tena baada ya WhatsApp kuzitafuna.

Nimeiacha sauti mpaka sasa kwa makusudi, kwa sababu ndiyo hasira yangu yenyewe.

Kaa pwani, nenda kwenye ndoa ya Kiislamu msikitini. Bwana harusi amekaa mkekani, mkono wake umeshikwa na walii. Khutba imesomwa. Yanakuja maneno ya kuozesha, na bwana harusi anajibu kwamba amekubali. Anajibu kwa sauti ya chini, huku koo limemkauka, na anasema mara moja. Huwezi kumwambia "rudia, sheikh, feni ilikuwa inapiga kelele." Sherehe yote iliyofuata, pilau lote, mabasi yote yaliyokodiwa kutoka Tanga, yamesimama juu ya sekunde zile tano. Na kameramani wetu ana mwili wa milioni tisa, gimbo ya milioni moja na nusu, na sauti anainasa kwa kile kitundu cha maiki kilicho ubavuni mwa kamera, mita nne kutoka mkekani, chini ya feni la dari.

Wiki mbili baadaye simu inaita. "Mwanangu, shikamoo hiyo nimeipokea, lakini mbona maneno ya mkwe wangu hayasikiki?" Mama huyo hajawahi kuuliza upana wa mwanga wa sensa. Hataki kujua logi ni nini. Anataka kusikia. Na utamjibu nini, kwamba lakini mama, ni 4K?

Maiki mbili zisizo na waya zinazojirekodia zenyewe ndani ni sehemu ndogo tu ya bei ya mwili wowote niliotaja hapa. Siku hizi ziko zinazonasa kwa biti 32 za kuelea, maana yake MC akibwata ghafla sauti haipasuki. Unaishusha baadaye kwenye kuhariri ikawa salama. Rode wanazo, DJI wanazo. Kinasa sauti kidogo cha kuunganisha kwenye mixa ya DJ nacho ni bei ya kawaida, kinachotakiwa ni kumsalimia DJ mapema na kumwomba laini kabla ukumbi haujajaa. Sean Baker alipotengeneza Tangerine kwa simu za iPhone 5s, filamu iliyoonyeshwa Sundance mwaka 2015, dunia inasimulia simu zile mpaka leo. Sauti yake haikunaswa na simu. Ilikuwa na mtu wake na vifaa vyake. Aliyetaka kubana matumizi alibana kwenye picha, akaiacha sauti ishibe. Sisi tunafanya kinyume chake, halafu tunalaumu soko.

Kwa hiyo pesa inagawanywaje? Usimalizie hela ya VICOBA kwenye mwili wa kamera. Nusu ya bajeti iende kwenye mwili, isizidi. Iliyobaki ni lenzi, sauti, taa moja ya LED ya maana, betri, kadi mbili za jina linaloaminika. Mwili utauuza baada ya miaka mitatu kwa hasara. Lenzi na maiki utabaki nazo. Na lenzi zichague kwa kuangalia mji wako, si katalogi: lenzi za Canon za EF ziko kila kona ya Dar, Nairobi na Kampala, za kununua mkononi na za kuazima kwa jirani, na kwa adapta zinakaa kwenye Canon mpya bila kupoteza fokasi. Blackmagic 6K inazipokea moja kwa moja. Sony ina utajiri wa lenzi za Sigma na Tamron za bei nafuu kwa sababu ilifungulia wengine mlango wake tangu 2011, wakati Canon iliubana wa kwake kwa miaka. Yote hayo yana uzito kuliko ugomvi wa kampuni ipi ina rangi nzuri.

Na siku ukipata filamu ya kweli, skripti mkononi, watu wanane wamekubali kuja, kodi. Kodi C70, kodi RED, kodi chochote mpiga picha wako anachokijua vizuri, kwa siku sita, irudishe ikiwa safi. Kumiliki kamera ya sinema ili ikae kabatini ikingoja filamu moja kwa mwaka ni kulipia mahari ya mtu usiyeishi naye.

Mwisho, kwa anayenunua mkononi, Kariakoo au Luthuli Avenue, na najua ndiko wengi mnakoenda kwa sababu huko ndiko pesa yetu inakofika: usinunue kwa kuitazama. Nenda na kadi yako na betri yako mwenyewe. Iweke kwenye 4K, ubora wa juu kabisa, ibonyeze irekodi, iache dakika 40 nje ya kibanda, juani. Angalia kama inajizima. Pachika maiki, sikiliza kwa hedfoni kama tundu linakwaruza. Funika lenzi, pandisha ISO, tafuta nukta nyeupe zisizohama. Tembea mbele yake uone kama fokasi inakufuata au inazubaa. Muuzaji akisema kaka, hatuna muda huo, mwachie kamera yake.